Matembe wa wiki 23 ambao bado hawajataga

Swali: "Nina matembe saba, yaani kuku majike wachanga, ninaowafuga uani. Watano ni chotara wa mayai wa rangi ya kahawia, na wawili ni wale kuku wakubwa wenye manyoya hadi miguuni. Niliwachukua wote kwa pamoja wakiwa vifaranga wa siku moja, na sasa wametimiza wiki 23. Niliambiwa wangeanza kutaga wakifika wiki 18, lakini mpaka leo sijaokota yai hata moja. Tangu wakiwa na wiki 8 nimekuwa nikiwachanganyia chakula cha kukuzia na pumba, nusu kwa nusu, na bado wanakula hicho hicho. Huwafungulia alfajiri, wakazunguka uani na vichakani hadi jioni. Watatu kati ya wale wa kahawia wana upanga wa kichwani mwekundu sana, na mmoja huchuchumaa kila ninapompitia. Juzi asubuhi nilikuta chini ya fito za kulalia kitu laini kama puto lenye maji, kimepasuka, na ndani kina rangi ya njano. Je, kuku wangu ni wagonjwa? Nimeshauriwa niwape pilipili, niwatafutie jogoo, na niwawashie taa usiku kucha. Mwingine ameniambia niwauze tu, kwa kuwa ni tasa. Nifanye nini?"

Ndugu msomaji, nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, kwa sababu umeeleza mambo ambayo wengi huyaacha, na sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya maelezo yako mwenyewe. Nianze na lile linalokutia hofu. Kwa jinsi ulivyowaeleza, kuku wako si tasa, na sioni dalili ya ugonjwa. Kile kitu laini ulichokikuta chini ya fito ni yai. Lilikuwa na kiini chake, ute wake na utando wake. Lililokosekana ni ganda. Maana yake ni kwamba angalau kuku mmoja ameshaanza kutaga, na huenda si yeye peke yake, kwani kuku anayeshinda vichakani kutwa nzima ana mahali pengi pa kuficha mayai ambapo pengine hujawahi kupapekua. Wengine kati ya wale wa kahawia wamechelewa kweli, na sababu yake nadhani ninaiona katika ule mchanganyiko wa pumba. Wale wawili wakubwa hawajachelewa hata kidogo.

Wiki ya 18 uliyoambiwa si uongo, ila ni umri wa kuku wa aina fulani waliolelewa kwa namna fulani. Chotara wa mayai aliyelishwa kikamilifu tangu siku ya kwanza, akapata mwanga wa kutosha na hakuugua njiani, huanza kutaga kati ya wiki ya 18 na ya 21. Kuku wa aina za zamani wanaofugwa kwa nyama na mayai pamoja, kama vile Rhode Island Red, Sussex na Plymouth Rock, kwa kawaida huanza kati ya wiki ya 20 na ya 26. Kuku wa kienyeji anayejitafutia riziki mwenyewe mara nyingi hufikisha miezi 6 au 7. Wale wakubwa wenye manyoya miguuni, kama Brahma na Cochin, huchukua muda mrefu kujenga mifupa na mwili kabla ya jambo jingine lolote, na si ajabu yai lao la kwanza likangoja wiki ya 28, ya 30 au hata baadaye. Ukiwapima wawili hawa kwa kalenda ya chotara unawaonea.

Ili uelewe kwa nini umri peke yake hautoshi, ni vizuri ujue kinachotokea ndani ya tembe katika wiki zinazotangulia yai la kwanza. Kifaranga jike huanguliwa akiwa tayari na maelfu ya chembe za mayai ndani ya ovari moja, ile ya kushoto; ya kulia hudumaa mapema na haifanyi kazi. Kwa miezi kadhaa chembe hizo hubaki zimelala. Kinachoziamsha ni sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, ambayo ni kama inangoja kupokea habari mbili: kwamba mwili umefikia uzito unaoweza kubeba kazi ya kutaga, na kwamba mchana ni mrefu wa kutosha. Mwanga huo kuku hautambui kwa macho peke yake. Hupenya ngozi na fuvu na kuzifikia chembe maalumu zilizo ndani ya ubongo, na ndiyo maana hata kuku kipofu huweza kutaga. Habari hizo mbili zikikubaliana, haipothalamasi huichochea tezi ya pituitari, pituitari huiamsha ovari, na ovari nayo huanza kumwaga homoni zake kwenye damu.

Homoni hizo ndizo zinazombadilisha tembe kuwa mtetea, na mabadiliko yake unaweza kuyaona ukiwa umesimama tu mlangoni mwa banda. Upanga, yaani ile nyama ya utosini ambayo wengine huiita undu, huvimba na kuwa mwekundu wa kung'aa, pamoja na zile ndevu mbili zinazoning'inia chini ya mdomo. Kuku anaanza kuchuchumaa na kutandaza mabawa kidogo unapomkaribia, kama afanyavyo mbele ya jogoo. Anaanza kutetea, anaingia kwenye kiota na kutoka, anachokoachokoa nyasi kwa mdomo na kuzitupa mgongoni, anaondoka bila kuacha kitu, kisha anarudi tena. Wakati huohuo, mahali usipopaona, ini linatengeneza malighafi ya kiini na kuisafirisha kwa damu hadi kwenye ovari, na mrija wa mayai uliokuwa mwembamba kama uzi unakua hadi kuzidi nusu mita. Kwa hiyo wale watatu wako wenye upanga mwekundu wamekwisha kuingia katika njia hii, na yule anayechuchumaa, kwa uzoefu wangu, yuko karibu sana na yai lake la kwanza kama hajalitaga tayari.

Liko badiliko jingine ambalo halionekani kabisa, nalo ndilo linalolieleza lile yai lako laini. Takriban wiki mbili kabla ya yai la kwanza, estrojeni, moja ya homoni zile za ovari, humfanya tembe ajenge mfupa wa ziada ndani ya uwazi wa mifupa yake mirefu, hasa ya miguu. Mfupa huo haumsaidii kusimama. Ni ghala la kalsiamu. Ganda moja linahitaji takriban gramu 2 za kalsiamu, na hiyo ni karibu sehemu moja ya kumi ya kalsiamu yote iliyomo mwilini mwa kuku. Tena ganda hujengwa kwa muda wa saa 20 hivi, na sehemu kubwa ya muda huo ni usiku, kuku akiwa amelala juu ya fito na hali chochote. Kinachoendelea usiku kinategemea kilichobaki tumboni na kilichowekwa kwenye ghala la mifupa. Chakula cha kukuzia kina takriban asilimia 1 tu ya kalsiamu, wakati kuku anayetaga anahitaji chakula chenye asilimia 3.5 hadi 4. Wewe umekipunguza hicho cha kukuzia kwa nusu ukajazia pumba, ambayo haina kalsiamu ya maana, na fosforasi yake nyingi imefungwa katika hali inayozuia hata ile kalsiamu ndogo isifyonzwe vizuri. Kuku wako alifanya kila kitu alichopaswa kufanya, ila alipofika kwenye ganda hakukuwa na cha kujengea. Niongeze kwamba yai moja au mawili ya namna hii ni jambo la kawaida kwa kuku anayeanza, hata aliyelishwa vizuri, kwa sababu mrija wake bado unajifunza kazi. Yakiendelea kwa wiki mbili baada ya kurekebisha chakula, hapo ndipo tutafute sababu nyingine.

Pumba hiyohiyo ndiyo ninayoishuku kwa kuchelewa kwa wengine. Sikulaumu kwa hilo. Wafugaji wengi hufanya hivyo wakiamini kwamba tembe, kwa kuwa bado hatagi, anakula bure. Ukweli ni kwamba miezi ile ya ukuaji ndiyo inayojenga mwili utakaotaga baadaye, na chakula cha kukuzia kimepangwa kiwe na protini ya asilimia 15 au 16. Ukikichanganya nusu kwa nusu na pumba, tumbo la kuku hujaa kabla mwili haujapata unachokihitaji. Chotara wa kahawia akiwa na wiki 18 anatarajiwa kuwa na uzito wa takriban kilo 1.5, na wa kwako wenye wiki 23 wangepaswa kukaribia kilo 1.8. Mweke kila mmoja ndani ya mfuko wenye tundu la kichwa, mtundike kwenye mzani wa kuning'iniza, na uandike unachokiona. Ukikuta wale wenye upanga uliopauka wana kilo 1.3 au 1.4, umeipata sababu yao, na dawa yake ni sahani ya chakula.

Anza kuwabadilishia chakula leo. Kwa siku 7 hivi changanya chakula cha zamani na chakula cha kuku wanaotaga, ukiongeza kipya kidogo kidogo hadi kibaki peke yake, na pumba uiache kabisa. Kuku mmoja atakula takriban gramu 110 hadi 120 kwa siku, na wale wakubwa zaidi ya hapo. Kando ya chombo cha chakula weka sahani ya vipande vya magamba ya chaza au konokono vilivyopondwa kwa ukubwa wa punje za mchele, wala usivisage kuwa unga. Unga hupita tumboni upesi, lakini vipande hubaki kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku kucha, saa zilezile ganda linapojengwa. Anayehitaji atakwenda kudonoa mwenyewe, na asiyehitaji ataviacha. Maganda ya mayai yaliyokaushwa kwenye moto na kupondwa yanafaa pia. Chokaa ya kujengea usiwape, kwani huunguza. Na maji, ndugu yangu, yasikosekane hata mchana mmoja, kwa sababu karibu robo tatu ya kilichomo ndani ya yai ni maji, na kuku mmoja hunywa takriban robo lita kwa siku, au zaidi kukiwa na joto.

Labda utajiuliza kwa nini basi usiwape kundi lako lijalo chakula cha kutagia tangu wakiwa wadogo, ili wawahi. Usifanye hivyo. Tembe wa wiki 10 au 12 hana mahali pa kuiweka kalsiamu nyingi kiasi hicho, na kazi ya kuitoa huziangukia figo. Nimewahi kumpasua tembe aliyelishwa hivyo kwa wiki nyingi, nikakuta figo zimevimba na mirija yake imejaa vitu vyeupe vigumu kama chokaa ya ubaoni, na kuku mwenyewe alikuwa amekufa bila kutaga hata yai moja. Badilisha chakula upanga unapoanza kuiva, au unapookota yai la kwanza. Kwa chotara waliolelewa vizuri hiyo ni kati ya wiki ya 17 na ya 19. Kwa kundi lenye umri au aina mchanganyiko kama lako, ambapo watano wamefikia umri wa kutaga na wawili bado, wengi hutoa chakula cha kukuzia kwa wote na kuweka magamba pembeni. Wewe nakushauri utoe cha kutagia kwa wote, kwa sababu hao wawili wamekwisha kupita wiki 20, na uhitaji wa wale watano ni wa haraka zaidi.

Sasa nikuonyeshe namna ya kumkagua kuku mmoja mmoja, kwani mikono yako itakuambia mengi kuliko kalenda. Fanya kazi hii usiku, wakiwa wametulia juu ya fito. Mshike kuku kwa mikono miwili juu ya mabawa, mweke ubavuni mwako kichwa kikitazama nyuma, na mbano wa mkono wako umtulize. Inua mkia kwa upole. Chini yake, upande huu na huu wa tundu la kutagia, utapapasa ncha mbili za mifupa ya nyonga, nyembamba kama vijiti. Kwa tembe ambaye bado, ncha hizo zimekaribiana, huwezi kupitisha zaidi ya kidole kimoja kati yake, tena zimekakamaa. Anayekaribia, vidole viwili vinaenea. Anayetaga, vidole viwili hadi vitatu vinapita kwa nafasi na mifupa yenyewe inakubali kidogo ukiibonyeza. Kisha tazama tundu lenyewe: la asiyetaga ni dogo, la mviringo, kavu na limekunjamana, na la anayetaga ni pana, lenye umbo la yai na lenye unyevu. Kwa kuku wenye ngozi ya njano, rangi hiyo hufifia kuzunguka tundu siku chache baada ya kuanza kutaga, kwa sababu sasa inakwenda kwenye viini. Vidole vya watu havilingani, kwa hiyo usihangaike na idadi. Linganisha kuku na kuku. Utashangaa jinsi tofauti kati ya yule anayechuchumaa na wale wawili wakubwa itakavyokuwa wazi, hata kama hujawahi kufanya kazi hii maishani mwako.

Ukiwa bado na tochi mkononi, fanua manyoya chini ya bawa na kuzunguka tundu utafute chawa, kisha pitisha kitambaa cheupe chini ya fito na kwenye nyufa zake. Kikitoka na michirizi ya rangi ya damu, banda lina utitiri, unaojificha mchana na kunyonya usiku. Kuku anayepoteza damu kila usiku huchelewa kutaga, na hata akianza huacha. Minyoo nayo hupunguza uzito kwa namna hiyohiyo, kwa hiyo kama hawajapata dawa ya minyoo tangu waanguliwe, zungumza na mtaalamu wa mifugo juu ya dawa inayofaa na siku ambazo mayai hayapaswi kuliwa baada ya kuitoa.

Ukikuta kuku mwenye mifupa iliyopanuka na tundu lenye unyevu, na bado huokoti yai, basi mayai yapo mahali. Wafungie bandani hadi saa 6 au saa 7 mchana kwa siku 4 au 5 mfululizo, wakiwa na chakula na maji, kwani mayai mengi hutagwa kabla ya wakati huo. Weka viota viwili vyenye upana wa sentimita 30 hivi kila upande, katika kona yenye kivuli, vikiwa chini kuliko fito za kulalia; vikiwa juu watalala humo na kuvichafua. Tandika nyasi kavu au maranda, na uweke ndani ya kila kimoja yai la mbao au kitu cheupe cha mviringo, kwa maana kuku hupenda kutaga mahali anapoamini mwenzake ametaga. Vichakani tafuta chini ya majani yaliyobonyea, nyuma ya mbao zilizoegemezwa, mahali popote penye giza na ukavu. Ukiyapata mayai ambayo hujui yana siku ngapi, usiyale. Vilevile chunguza kama kuna kuku mwenye mabaki ya njano mdomoni au manyoya ya shingo yaliyogandana, kwani yai laini likivunjika huliwa upesi na kuku wakazoea, na tabia hiyo ikishika ni ngumu sana kuiondoa. Hii ni sababu nyingine ya kutochelewesha kalsiamu.

Kuhusu ushauri uliopewa, pilipili haitawadhuru kwa kiasi kidogo, kwa sababu ndege hawausikii ukali wake kama tunavyousikia sisi, na pilipili nyekundu inaweza hata kukoza rangi ya kiini. Haina protini wala kalsiamu ya kutosha kumfanya kuku mwenye kilo 1.3 atage. Jogoo anahitajika ukitaka vifaranga. Mtetea hutoa mayai yake awe na jogoo au asiwe naye, kwa idadi ileile na ladha ileile.

Suala la taa linahitaji maneno zaidi, kwa sababu ndani yake mna ukweli uliopotoshwa. Mwanga huchochea kutaga, na kuku anayetaga hufanya vizuri akipata mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa siku. Sehemu zilizo karibu na ikweta mchana hauondoki sana kwenye saa 12 mwaka mzima, na kuku hutaga bila taa. Sehemu zilizo mbali nayo, tembe anayekomaa wakati mchana unafupika anaweza kungoja hadi siku zirefuke tena. Lakini taa ya usiku kucha humnyima kuku usingizi, humfanya awadonoe wenzake, na ikimwangukia tembe ambaye mwili wake haujafika, humsukuma kutaga mayai madogo kupitia nyonga ambazo hazijapanuka. Hapo ndipo mrija wa mayai hutoka nje na wenzake huudonoa hadi wakamuua. Kwa hiyo, kwa wiki 4 zijazo nakuomba usiwashe taa yoyote. Baada ya hapo, uzito ukiwa umekaa sawa na ukiona mchana wa mahali ulipo ni mfupi, ongeza nusu saa kila wiki hadi ufikie saa 14, na uongeze alfajiri badala ya jioni, ili giza la jioni liingie polepole na kila kuku apate nafasi yake juu ya fito. Mwanga unaokuwezesha kusoma maandishi ya gazeti ukiwa umesimama bandani unatosha. Ukishaanza, usikatize ghafla.

Mayai yatakapoanza kuja, usitarajie mpangilio. Yai la kwanza huwa dogo, mara nyingi chini ya gramu 50, na linaweza kuwa na alama ya damu juu ya ganda. Unaweza kupata yai lisilo na kiini kabisa, dogo kama gololi kubwa, na kesho yake ukapata lenye viini viwili. Siku moja atataga, siku mbili atapumzika. Safari ya yai moja tangu kiini kinapoachiliwa hadi kutagwa huchukua saa 24 hadi 26, kwa hiyo hata kuku hodari husogeza wakati wake mbele kila siku hadi anaruka siku nzima. Wiki 4 hadi 6 tangu yai la kwanza, chotara watakuwa wameshatulia.

Ziko dalili ambazo ukiziona usingoje ushauri wa maandishi. Kuku anayesimama wima kama pengwini, mkia chini, anajikaza na hali chakula, huenda ana yai lililokwama. Mtenge mahali penye joto na utulivu, umkalishe kwenye maji ya uvuguvugu yanayofika tumboni kwa dakika 15 au 20, umpake mafuta kidogo kwenye tundu, na usijaribu kulivunja yai ndani yake. Ikipita nusu siku bila mabadiliko, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Nyama nyekundu ikitokeza nje ya tundu, mtenge hapo hapo na umwite daktari. Kuku akilemaa mguu mmoja, ukatangulia mbele na mwingine ukabaki nyuma, fikiria ugonjwa wa Marek, ambao hupenda kuwapata matembe wa umri huu. Kukohoa, kuvimba uso, kinyesi cha kijani, au kuku wawili kufa ndani ya siku chache ni jambo la kuripoti kwa ofisa wa mifugo siku hiyohiyo, bila kumpasua wala kumla aliyekufa, kwani mdondo na mafua makali ya ndege huanza hivyo. Na usiwape antibaiotiki kwa kubahatisha ili wapate kutaga. Haziamshi ovari, na mabaki yake huingia kwenye mayai utakayoyala.

Limebaki swali la kuwauza. Wale watano wa kahawia wape wiki 6 za chakula kamili kuanzia sasa. Ikiwa baada ya hapo kuna mwenye uzito mzuri, upanga mwekundu na mifupa iliyopanuka, anayekwenda kwenye kiota kila siku na kuinuka bila kitu hata ukimfungia, huyo anastahili kuonwa na daktari. Kuku walioshikwa na bronkitisi ya kuambukiza, ugonjwa wa virusi wa njia ya hewa, wakiwa vifaranga wadogo wanaweza kubaki na mrija ulioharibika daima, wakawa na kila dalili ya mtetea isipokuwa yai, na kwa hao kuendelea kungoja hakusaidii. Wale wawili wenye manyoya miguuni wape hadi wiki ya 32 kabla ya kuanza kuhesabu, ukijua mapema kwamba hata wakianza watakupa karibu nusu ya mayai ya chotara kwa mwaka. Kama shida yako ni mayai tu, una haki ya kuwatoa. Kama unawapenda kwa upole na ukubwa wao, hawajakukosea lolote. Ukiamua kwenda kwa daktari kwa ajili ya yeyote kati ya hao saba, chukua kuku mwenyewe, kinyesi kibichi cha asubuhi ndani ya mfuko safi, na karatasi yenye uzito wake wa kila wiki, kinyume na hapo atalazimika kubahatisha kama ambavyo ungebahatisha wewe.